Dozi ya nyongeza kwa kijana mwenye afya: inazuia maambukizi kweli au inapunguza makali tu?

Ngalawa (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kila zikitajwa chanjo za nyongeza za UVIKO-19, ubishi ni uleule. Huyu anasema "nilichoma ya tatu na bado nikaugua, basi haifanyi kazi." Yule anamjibu "hukulazwa, basi imefanya kazi." Kila mmoja anajibu swali lake. Mimi naomba tubaki kwenye swali moja jembamba: kijana wa miaka 18 hadi 35 hivi, hana kisukari, hana pumu, kinga yake haina tatizo, na ameshapata dozi mbili. Dozi ya nyongeza inampunguzia kwa kiasi gani uwezekano wa kuambukizwa? Kufa na kulazwa tuviweke kando kwanza. Kuambukizwa tu.

Nimeviweka kando makusudi. Kijana wa aina hiyo hatari yake ya kulazwa ni ndogo tangu mwanzo. Wengi wa umri huo wanaokwenda kuchanja tena hawaogopi wodi, wanataka wasianguke wiki ya mitihani au wasimpelekee bibi ugonjwa.

Utafiti ninaoupenda kwa swali hili ni wa ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, uliochapishwa kwenye jarida la utabibu la JAMA mwaka 2022. Msicheke. Tafiti nyingi humhesabu aliyejipeleka mwenyewe kupima, na kijana mwenye kikohozi kidogo hajipeleki popote, analala na kesho anaendelea na shughuli zake. Ligi ilikuwa inawapima watu wake kwa ratiba, mwenye dalili na asiye na dalili, kwa hiyo hata maambukizi ya kimyakimya yalinaswa. Watu 2,613, wachezaji na wafanyakazi, kuanzia 1 Desemba 2021 hadi 15 Januari 2022, aina mpya ya kirusi cha korona, Omicron, ikiwa ndiyo inapanda. Waliopata nyongeza waliambukizwa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 57 wakilinganishwa na waliokamilisha chanjo ya awali bila nyongeza.

Zaidi ya nusu, basi. Si ngao ya chuma, lakini si maji ya bomba pia. Ila angalieni tarehe: ni wiki sita na ushei tu. Kilichotokea baada ya hapo ndicho kiini cha ubishi wetu wote, na hapo ndipo ningependa tukae.

---

Mjuba

Mleta mada umeandika vizuri ila kuna kitu unakizunguka. Asilimia 95 ilienda wapi? Tulihubiriwa 95 mpaka masikio yakauma. Leo unaniletea 57 ya wiki sita na unataka nishangilie.

---

Ngalawa

Mjuba, 95 ilikuwepo na haikuwa uongo. Ilikuwa jibu la swali jingine.

Majaribio ya mwaka 2020 ya Pfizer na Moderna yalihesabu watu *wenye dalili* waliothibitishwa kwa kipimo. Asiye na dalili hakuwemo kwenye hesabu ile. Walifuatiliwa kwa miezi michache tu baada ya sindano, wakati kingamwili (protini za damu zinazokidaka kirusi) ziko kileleni, na kirusi kilichokuwa kinazunguka kilifanana sana na kile kilichotengenezewa chanjo. Jaribio la nyongeza la Pfizer lenye watu kama 10,000 nalo likatoa kama 95, lakini hapo mlinganisho ulikuwa na wenye dozi mbili, na ilikuwa zama za Delta, aina ya kirusi iliyotawala kabla ya Omicron.

Halafu 24 Novemba 2021 Afrika Kusini ikaitaarifu WHO kuhusu kirusi chenye mabadiliko zaidi ya 30 kwenye protini ya mwiba peke yake. Hiyo ndiyo Omicron. Kuanzia hapo namba zote za zamani zikabaki historia.

Uingereza walichapisha takwimu za kinga ya watu wazima dhidi ya Omicron yenye dalili. Dozi mbili za Pfizer: asilimia 65.5 wiki ya pili hadi ya nne, kisha 8.8 ilipofika wiki ya 25 na kuendelea. Ukiongeza ya tatu ya Pfizer inapanda hadi 67.2, halafu kuanzia wiki ya 10 iko 45.7. Unaona mwendo wake? Inapanda, inateremka. Nyongeza ilirudisha kinga palepale ilipokuwa mara baada ya dozi ya pili, haikuipandisha juu zaidi, na safari ya kushuka ikaanza upya.

---

Kifaru Mtulivu

Nafuatilia. Nimekaa siti ya mbele.

---

mtu_wa_maabara

Nichangie upande wa ndani ya mwili, maana bila huo namba zinabaki kama za bahati nasibu.

Sindano ya bega inajaza kingamwili kwenye damu, hasa aina ya IgG. Kirusi cha korona hakianzii kwenye damu. Kinaanzia kwenye utando laini wa pua na koo, na askari wa pale ni aina nyingine, IgA, ambao chanjo ya bega inawaamsha kidogo tu. Kinachoilinda pua baada ya nyongeza kwa sehemu kubwa ni IgG iliyo nyingi mno kwenye damu kiasi kwamba nyingine inavuja hadi kwenye utando. Ndiyo maana kinga dhidi ya *kuambukizwa* inafuata wingi wa kingamwili karibu hatua kwa hatua. Wiki ya pili zimejaa, kinga iko juu. Mwezi wa tano zimepungua, kinga imeteremka. Na kupungua huko ni kawaida ya mwili, hakuna mwili unaoweka kiwango cha juu namna ile mwaka mzima.

Kinachobaki ni kumbukumbu: seli B zinazojua kutengeneza kingamwili upya, na seli T zinazoua seli zilizokwisha kuvamiwa. Hizi zinadumu. Tatizo ni kwamba zinahitaji siku kadhaa kuamka na kuongezeka, na Omicron huatamia kama siku tatu tu (yaani kutoka kuingia mwilini hadi dalili kuanza). Zikifika, wewe tayari unapiga chafya na umeshawaambukiza wenzako. Ila zinafika kabla mapafu hayajaharibika. Hapo ndipo lilipo jibu la wale wawili wa Ngalawa wanaobishana: huyo huyo kijana mmoja anaweza kukosa kinga ya kuambukizwa na wakati huohuo akawa na kinga nzuri ya kutolazwa.

Linganisha na homa ya ini B. Kirusi chake huatamia miezi miwili hadi mitano. Mtu aliyechanjwa utotoni anaweza kupimwa akiwa kijana na kingamwili zikaonekana hakuna, na bado akakutana na kirusi na kisimpate, kwa sababu kumbukumbu ina wiki nyingi za kujipanga. Ndiyo maana kwa mtu mwenye kinga timamu hakuna nyongeza ya homa ya ini B inayopendekezwa, na kinga imeonekana kudumu miaka 30. Chanjo haikuwa na nguvu za ajabu. Kirusi ni mwendo wa kobe.

---

Bi_Zamaradi

Mtu_wa_maabara umefundisha, ahsante. Mimi ni muuguzi, nimechanja watu wengi katika kampeni, na swali nililoulizwa zaidi na vijana ni hilohilo: "nikichoma hii sitaugua?" Jibu langu lilikuwa "utapunguza uwezekano kwa miezi kadhaa." Wengi walinuna. Walitaka ndiyo au hapana.

Niongezee mfano mwingine wa vijana watupu, maana tunasahau kwamba nyongeza si za korona peke yake. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka wa masomo 2015 hadi 2016, kulilipuka matumbwitumbwi. Wanafunzi 20,496, wagonjwa 259, na karibu wote walikuwa na dozi zao mbili za utotoni. Wakaanzisha kampeni ya dozi ya tatu. Waliokuwa na tatu waliugua 6.7 kwa kila 1,000, wenye mbili 14.5 kwa kila 1,000. Walipofanya hesabu kamili, siku 28 baada ya dozi ya tatu hatari ilikuwa imeshuka kwa asilimia 78.1.

Lililonikaa kichwani ni hili: ambaye dozi yake ya pili ilikuwa na miaka 13 au zaidi alikuwa na hatari zaidi ya mara tisa ya yule aliyeipata karibuni. Miaka 13! Unachanjwa ukiwa unaanza shule ya msingi, unaingia bwenini chuoni, chumba kimoja, vikombe vya kupokezana, na kinga imeshalegea.

---

Mwanahesabu Mzembe

Samahani, hapa kuna kitu hakikai sawa. Mtu_wa_maabara kasema kirusi kikiatamia muda mrefu kumbukumbu inawahi. Matumbwitumbwi yanaatamia siku 16 hadi 18. Sasa kumbukumbu ya wale wanafunzi ilikuwa imelala wapi?

---

mtu_wa_maabara

Swali zuri na linauma, hongera. Muda wa kuatamia ni sehemu ya hadithi, si yote.

Kwa matumbwitumbwi kuna mengine mawili matatu. Chanjo yenyewe huamsha kingamwili kwa kiasi kidogo ukilinganisha na ya surua au rubela ambazo ziko kwenye sindano hiyohiyo, na seli za kumbukumbu zake ni chache. Pili, aina ya kirusi kilichomo kwenye chanjo inayotumika Marekani, Jeryl Lynn, ni ya kundi A, wakati milipuko ya vyuoni kule imekuwa ya kundi G. Si mbali kama Omicron ilivyo mbali na kirusi cha mwanzo, ila kingamwili zikiwa chache, tofauti ndogo inatosha. Tatu ni hilo alilolisema Bi Zamaradi, bweni. Kiasi cha kirusi unachovuta ukilala mita moja kutoka kwa mgonjwa si sawa na cha kupishana naye kwenye korido.

Kwa hiyo nirekebishe picha: ukitaka kujua nyongeza itazuia maambukizi kwa kijana, tazama kasi ya kirusi, wingi wa kingamwili zilizobaki, umbali wa kirusi kilichopo na kile cha kwenye chanjo, na msongamano. Surua inashinda kwenye karibu zote, ndiyo maana dozi mbili zinatosha. Korona inashindwa kwenye karibu zote.

---

Mjuba

Sawa, nakubali sayansi ipo. Sasa nijibuni hili. Kuna utafiti wa Cleveland Clinic, hospitali ya Marekani, wafanyakazi zaidi ya 50,000. Walikuta mwenye dozi nyingi zaidi ndiye aliyeambukizwa zaidi. Nyongeza inakaribisha ugonjwa. Mchoro ninao.

---

Ngalawa

Mchoro huo kila mtu anao, Mjuba. Wachache wamesoma kurasa nyingine.

Lengo la utafiti ule lilikuwa kupima ile nyongeza ya 2022 iliyochanganya kirusi cha awali na Omicron. Na kwenye utafiti huohuo nyongeza hiyo *ilipunguza* maambukizi kwa takriban asilimia 30 wakati BA.4 na BA.5, matawi ya Omicron, ndizo zilizotawala, kisha faida ikapungua kadiri aina mpya zilivyoingia. Huwezi kuchukua mchoro ukaacha jibu kuu la waandishi walewale.

Ama kuhusu idadi ya dozi: nani anachoma ya nne na ya tano? Anayejihisi yuko hatarini, anayepima mara nyingi, ambaye pengine hajawahi kuugua. Nani aliishia mbili au hakuchoma? Humo wamejaa walioshapata Omicron mara moja au mbili, wengine bila kujua wala kupima. Maambukizi yenyewe huacha kinga, tena na ile ya puani aliyoieleza mtu_wa_maabara. Ukilinganisha makundi hayo unalinganisha tabia na historia zao pamoja na chanjo, na huwezi kuvitenganisha kirahisi. Waandishi wenyewe walisema uhusiano huo hawakuutarajia na wakataja maelezo mbalimbali yanayowezekana. "Inakaribisha ugonjwa" umeiongeza wewe.

Ila nikupe haki yako sehemu moja. Israel walijaribu dozi ya nne kwa wafanyakazi wa afya, na kinga dhidi ya maambukizi ukilinganisha na wenye tatu ilikuwa asilimia 30 kwa Pfizer na 11 kwa Moderna, tena kipimo kikiwa na shaka pana kiasi kwamba huenda ni sifuri. Anayechoma ya nne na ya tano *kwa ajili ya kutoambukizwa tu*, akiwa kijana mzima, ananunua kitu kidogo sana. Msimamo wangu ni huu: ya tatu wakati wa wimbi ilikuwa na maana, zilizofuata kwa kundi hili na kwa lengo hili zina maana ndogo.

---

Hawa_wa_Pili

Kaka Ngalawa na dada Bi Zamaradi, mdogo wangu wa kiume ana 19. Mnasema faida tu. Na ule moyo kuvimba?

---

Bi_Zamaradi

Umeuliza la msingi, mdogo wangu, na tungechelewa kulifikia.

Kuvimba kwa misuli ya moyo baada ya chanjo za mRNA, yaani aina ya Pfizer na Moderna, ni kweli, ni nadra, na kunaelemea vijana wa kiume, hasa baada ya dozi ya pili na ndani ya wiki ya kwanza. Takwimu za Marekani zilizochapishwa Januari 2022: wavulana wa miaka 16 na 17, kama 106 kwa kila dozi za pili milioni moja za Pfizer. Wanaume wa miaka 18 hadi 24, kama 52 kwa Pfizer na 56 kwa Moderna. Baada ya dozi ya tatu kiwango kimeonekana kuwa chini kuliko cha ya pili, na kuachanisha dozi kwa muda mrefu kunapunguza hatari. Sweden ilisimamisha Moderna kwa waliozaliwa 1991 na baadaye, Oktoba 2021, kwa sababu hiyohiyo.

Wengi hupona kwa mapumziko na dawa za kawaida. Lakini mdogo wako akichanjwa halafu kifua kikambana, moyo ukaenda mbio au pumzi zikakata, asisubiri kesho. Na asikimbie uwanjani siku hizo za mwanzo kujithibitishia kuwa yuko fiti. Kirusi chenyewe nacho huvimbisha moyo, hilo lisisahaulike, ila kijana aliyekwisha kuambukizwa na kuchanjwa hapo nyuma hesabu yake si ile ya mwaka 2021.

---

Mwanahesabu Mzembe

Ndiyo maana wataalamu wenyewe walitofautiana hadharani. Septemba 2021 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilipiga kura 16 kwa 2 *kukataa* nyongeza ya Pfizer kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi, kisha siku hiyohiyo 18 kwa 0 kukubali kwa wenye 65 na zaidi na walio hatarini. Novemba FDA ikafungulia watu wazima wote. Chanjo ileile, miezi miwili. Machi 2023 jopo la WHO likasema kwa watu wazima wenye afya: dozi za awali na nyongeza ya kwanza, zaidi ya hapo si pendekezo la kawaida.

Waingereza waliweka hesabu mezani Januari 2023: ili kuepusha mtu mmoja kulazwa, unachanja nyongeza ya msimu kwa watu 800 wenye miaka 70 na zaidi, au 92,500 wenye miaka 40 hadi 49 wasio na maradhi. Kijana wa 20 yuko mbali zaidi ya hapo.

---

Ngalawa

Hizo ni za kulazwa. Nifanye ya maambukizi, kwa namba za mfano nilizozitunga ili tuone umbo lake tu.

Vijana 1,000 wenye dozi mbili, wimbi kali, 200 wangeambukizwa ndani ya miezi miwili. Nyongeza ya asilimia 57 inawashusha hadi 86. Umeepusha 114, yaani dozi tisa hivi kwa kila ambukizi moja. Sasa chukua asilimia ileile 57 kwenye kipindi tulivu ambapo wangeambukizwa 20 tu: umeepusha 11, dozi kama 90 kwa kila moja. Chanjo haikubadilika, mkono uliochomwa ni uleule. Kilichobadilika ni kalenda. Kijana aliyechoma miezi mitano kabla ya wimbi na aliyechoma wiki tatu kabla yake ni kama watu wa tafiti mbili tofauti, na ndio hao wanaokuja humu kutukanana.

---

Mjuba

Hapo kwenye kalenda nimekuelewa. Mengine nitarudi.

---

Raha_Mustarehe

Wakuu, mimi nina 23, mzima. Naishi na mama, yuko kwenye dawa za saratani, mzunguko unaofuata ni mwezi ujao. Huku wagonjwa wameanza kuongezeka. Nyongeza yangu ya mwisho ni ya zamani sana, hata mwaka siukumbuki vizuri. Nichome au ni kazi bure?

---

Bi_Zamaradi

Wewe si yule kijana wa Ngalawa, mwanangu. Ukichoma sasa, kufikia wiki mbili kingamwili zimepanda, na miezi miwili mitatu ijayo ndiyo unayoihitaji. Kwenye miongozo mingi anayeishi na mtu mwenye kinga dhaifu hufikiriwa tofauti na vijana wengine. Lakini usiitegemee peke yake. Ukisikia koo linawasha, jipime na ukae mbali naye hata kama kipimo cha kwanza ni hasi, vaa barakoa ndani ya nyumba, fungua madirisha.

Na yeye je, amechanjwa lini?

---

Raha_Mustarehe

Hajachoma tangu aanze dawa. Aliogopa kuchanganya.

---

Bi_Zamaradi

Basi yeye ndiye wa kwanza, wewe wa pili. Pigieni simu kliniki yake wiki hii, msisubiri tarehe ya miadi. Waulizeni kama achanjwe sasa, kabla ya mzunguko unaofuata, na siku ipi. Mara nyingi hupendelea ziwepo wiki mbili hivi kabla ya dawa, kwa sababu dawa zikishaingia mwili huitikia chanjo kwa unyonge. Mwambieni daktari dawa zote anazotumia, za vidonge na za dripu.